Chumba cha Zege cha Mama

Kaka Deo,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na mvua haijawaharibia mahindi. Mimi huku Doha mwili uko salama, ni joto tu linatukaanga. Nimeandika kwa mkono na kumpa jamaa wa Tabora anayekuja likizo, maana kwenye simu ungeleta utani wako, nami ningecheka kama kawaida yangu.

Juzi niliongea na mama. Alikuwa na furaha. Alisema tangu kile chumba nilichotuma hela umjengee kiishe analala mpaka asubuhi, hashtuki tena mbwa wakibweka. Unakumbuka wale wezi walivyoilowesha kwa maji nyumba yetu ya Nsemulwa, wakatoboa tofali mbichi na kumfunga mama kwa kamba ya kuanikia nguo. Kisha akasema, kama jambo dogo tu, "Ila mwanangu, mchwa wameingia humo ndani. Wametoboa ukuta katikati, wamekula kanga zangu mbili na kona ya hati ya kiwanja."

Nilimuuliza mara mbili kama ni chumba kipya, akasema ndicho hicho.

Kaka, kazi inayonilisha huku ni kusuka nondo na kumwaga zege. Ramani ya kile chumba nilikuchorea mwenyewe: ukuta wa zege inchi nane, nondo safu mbili, na juu zege vilevile. Sijawahi kuona mchwa akitoboa ukuta wa namna hiyo. Nikampigia fundi aliyepiga lipu. Alijiumauma weee, mwisho akasema, "Bro, mi nilikuta tofali mbichi zishapanda. Bro wako akaniambia nipige lipu nzito tu, nani atajua."

Tofali mbichi, Deo. Zilezile.

Uliponitumia picha ya mlango wa chuma niliwaonyesha wenzangu wote ninaokaa nao chumba kimoja, nikajivuna kwamba nina kaka. Mlango ni wa kweli, sikatai. Mwizi hatahangaika nao, atakuja na ndoo ya maji. Na nondo sikuulizi zilikwenda wapi, maana kwenye picha za ubatizo wa mwanao nimeona nguzo za nyumba yako mpya ya Litapunga.

Shangazi alinishauri nitafute mtu wa kukagua ujenzi. Nilikataa, tena kwa ukali. Kwetu mdogo hamkagui kaka yake. Ni kama kumwita mwizi mbele za watu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami muda wote nilidhani msemo huo unawahusu majirani. Nimeumia, kaka. Ungeniomba hizo nondo ningekupa.

Nisalimie shemeji, yeye sina neno naye. Msalimie na shangazi yetu wa Misunkumilo, mwambie alikuwa sahihi. Mtoto wenu aliyebatizwa mbusu kwa niaba yangu.

Nilipompigia mama tena, aliniuliza, "Mchwa wanapitaje kwenye zege?" Nikamwambia ni kaufa kadogo tu, anyunyizie dawa. Sikuweza kumwondolea usingizi nikiwa mbali hivi. Akanishukuru, akanibariki, akasema anakwenda kujifungia humo alale. Sasa na mimi nimemdanganya. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako, na ulale mlangoni kwake mpaka zege la kweli lisimame.

Mdogo wako,
Laurenti