Ndala Iliyochanwa Ubavuni

2 Februari

Mwanangu Kasuku,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila mguu ndio mwenye nyumba siku hizi, mimi mpangaji tu. Kidonda hakijafunga. Kila asubuhi nakwenda zahanati kusafishwa.

Nina swali, maana wewe ndiye mwandishi wa vitabu vya Kiingereza. Njia ya zahanati inapita getini pa shule. Watoto wakiniona wanapanga mstari nyuma yangu, wanaburuta miguu na kuimba, "Traji, traji, Mama Traji." Mwalimu wao alicheka mpaka akashika ukuta. Traji ni nini? Kama ni tusi niambie, nijue la kujibu.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, kazi tu zimenielemea. Pole na mguu.

Wala si tusi. Ni neno la kawaida, trudge, yaani kutembea polepole kwa miguu mizito, kama mtu aliyechoka au mwenye mzigo. Linazidi neno letu "kujikokota", kwa sababu ndani yake mna kutotaka: mtu anakwenda lakini moyo haupo. Huwezi kulitumia kwa anayekwenda harusini.

Wapuuze hao. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Halafu kuna furaha: kitabu changu kimepita, shule nyingi zinakitumia. Nitakuletea nakala.

Mwanao akupendaye

11 Machi

Kasuku,

Salama. Nakala usihangaike nayo, binti wa jirani kanionyesha ya kwake. Penye lile neno traji nimeona mchoro wa mwanamke mwenye furushi la mashuka kichwani na ndala iliyochanwa ubavuni ili mguu uingie. Ndala ile niliichana kwa kisu cha jikoni, wewe ukinishikia taa. Chini mmeandika kwamba kila siku mama huyu anajikokota kwenda kazini.

Nilisimama nikipiga pasi mashuka ya hoteli mpaka mguu ukavimba, wewe ukasoma. Leo unasema moyo haukuwapo. Nani kakwambia? Nilikuwa nataka kufika. Ningekuwa na mguu mzima ningekimbia.

Zahanati nimeacha kwenda. Siwezi tena kupita pale. Waambie wachapaji wautoe huo mchoro, mwanangu, nipate njia.

Mama

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini kidonda kinaendelea vizuri.

Jina lako halipo pale, ni mchoro tu. Mchoraji alitaka mfano, nikampa ninaoujua. Wachapaji wanasema ndio mchoro uliopendwa kuliko yote, na tukiutoa kitabu kitachelewa. Na kusema kweli, Mama, ndivyo unavyotembea. Usijifungie ndani kwa sababu ya vitoto. Pita njia ya nyuma.

Mwanao

20 Mei

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Au umenuna?

Nimewashinda wachapaji. Toleo jipya litakuwa na mwanamume mwenye gunia. Haya, sasa unaweza kwenda zahanati ukijidai. Niambie umefurahi.

Mwanao akupendaye sana

6 Juni

Kasuku,

Barua zako nimezipata zote.

Njia ya nyuma ina ngazi. Nilikwama katikati, nikateremka kwa makalio, nikarudi kukaa ndani. Mguu ukaoza. Harufu niliisikia mimi kabla ya jirani. Hospitalini wameukata juu ya goti. Daktari aliniuliza kwa nini niliacha kusafisha kidonda na zahanati ipo karibu, nikamwambia ni uvivu wangu. Nilikusitiri, ingawa sijui kwa nini.

Jana walinipitisha shuleni kwenye kiti cha magurudumu. Watoto walinyamaza wote. Yule mwalimu aliangalia chini. Njia nimeipata, mwanangu, hata kabla ya toleo lako jipya.

Mwenye gunia mwache. Huenda naye ana binti anayesoma.

Ile ndala nimeifunga pamoja na barua hii. Mpe mchoraji wako, akitaka mfano. Kwangu haina kazi tena.

Mama