Bata Uliyemjua kwa Sauti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea hivyo; siwezi kuanza kuongea nawe kama naongea na rika langu.

Leo nimefagia banda la bata. Mvua zimekatika, majike wameacha kutaga na wameanza kunyonyoka, manyoya yamejaa kila kona. Nikakumbuka ulipotuletea bata wa kwanza hapa Igogo. Dume alikuwa na kichwa cha kijani kinachong'aa na unyoya uliojikunja mkiani, na mimi nilimpenda kuliko kitu chochote pale nyumbani. Kisha akaanza kupukutika. Kijani kikaondoka, ule unyoya wa mkiani ukaanguka, akabaki wa kahawia kama majike yake. Nilikukimbilia nikilia kwamba dume wetu ameibwa, tumewekewa jike kikongwe.

Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Kabula, usimwangalie. Msikilize."

Ukanifumba macho kwa viganja vilivyonuka dagaa. Majike walikuwa wakipiga kelele zao za ugomvi. Yeye akatoa kasauti ka kukwaruza, kama mtu aliyekaukiwa koo.

"Umemsikia? Dume hana kelele. Anabadilisha nguo tu."

Na kweli, kijani kilirudi. Tangu hapo, kila aliponyonyoka, tulifumba macho tukamtafuta kwa masikio, hata mama alipotutoka na tukabaki wawili.

Halafu ukaja huo ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukaenda kwenye majina ya majirani, ukafika kwangu. Nilisuka mabutu kama nilipokuwa shuleni, mtu mzima na nyonga zangu, nikavaa lile gauni la bluu ulilolizoea, ili unijue. Ukanitazama kwa upole ukasema, "Nesi, umekula lakini?" Kila nilipokuamkia uliitikia marahaba kama unavyomwitikia mgeni. Siku niliyokufokea kwamba mimi si nesi, uliniomba radhi kwa adabu. Adabu ile iliniumiza kuliko tusi.

Wiki yako ya mwisho nilimbeba dume wetu wa mwisho nikamweka mapajani mwako. Alikuwa katikati ya kunyonyoka, kachakaa, rangi ya matope. Ulimpapasa, ukafumba macho, ukamsikiliza.

"Huyu dume," ulisema. "Nesi, nifanyie hisani. Mwambie Kabula asikubali wamchinje. Watadhani ni jike lililochoka."

"Nitamwambia, baba."

Nilimwonea bata wivu, sikufichi. Yeye alikuwa amebadilika mwili mzima na ukamjua. Mimi nilikuwa yuleyule.

Ulipoondoka nyumba ilijaa watu. Baba mkubwa alikuja kutoka Mkolani na kushika usukani wa msiba, maana mimi mfiwa nilikaa mkekani na kina mama, na mfiwa hatoki kwenda kukagua jiko. Wageni walitakiwa kula. Yeye akatazama bandani akasema, "Chukueni lile jike chakavu, halitagi tena lile." Jike akikamatwa, mtaa mzima unajua. Dume wetu walimshika, wakamfunga miguu, wakamlaza chini, na mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta tu sikusikia chochote.

Nilitoka kwenda msalani nikamkuta kwenye karai la maji ya moto, shangazi anamnyonyoa.

"Huyu bata wenu ana vinyoya vichanga, vinasumbua kutoka," akalalamika.

Kichwa kilikuwa pembeni, kwenye majani. Nilikiokota. Katikati ya kahawia ile, kijani kilikuwa kimeshaanza kuchipua.

Baba mkubwa alipoelewa alijishika kiuno. "Mwanangu, nani angejua?" Nilitaka kumwambia kwamba wewe ungejua. Nikarudi mkekani. Supu waliisifu, mimi sikuigusa.

Majike wamebaki. Wataota manyoya mapya, kahawia ileile, watataga mayai yasiyoanguliwa. Majirani wananiambia nitafute dume mwingine. Sijataka, na sijui kama nitataka. Jioni nawapeleka ziwani, wanapita kwenye magugumaji wakipiga kelele, nami nafumba macho kwa mazoea. Hakuna wa kumtafuta.

Baba, kuna jambo linanirudia kila siku. Nilipokujibu kwamba nitamwambia Kabula, ulikuwa bado umefumba macho. Ukageuza sikio kuelekea kwangu, taratibu, kama ulivyomgeuzia yule dume. Ukatulia. Nikabana pumzi.

Kisha ukafumbua macho, ukaniangalia, ukasema, "Asante, nesi."

Ujumbe wako aliupata, baba.

Mwanao,
Kabula