Plasta Isiyoonekana kwenye Karatasi

Jumanne, Mikindani. Mawingu tangu asubuhi na mvua haishuki. Fulana imenigandia mgongoni.

Leo nimeongea na mtu mmoja tu, naye alipiga simu kuuliza nilichokosea.

Mwezi mzima nimekuwa nikichora kwenye kompyuta nyumba ya Jomvu Kuu, ya mama mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Wanawe wanamjengea. Ofisi ya mjini iliyonipa kazi iliniambia nichore kila ukuta kama kitu kimoja, unene wake, basi. Sikukubali. Mimi chuo sikukanyaga. Nilikuwa mwashi miaka sita kabla ya kujifunza programu hii peke yangu, na ukuta naujua kwa ndani. Nikaweka bloki ya milimita 150, plasta 15 huku, plasta 15 kule, hadi rangi. Nilitaka wenye vyeti wafungue faili waone.

Hakuna aliyenitajia hata neno.

Saa nne akapiga fundi Kazungu, msimamizi wa waashi kule.

"Mchoraji, hii mia tisa ya korido wapima bloki kwa bloki, ama plasta kwa plasta?"

"Plasta kwa plasta, fundi. Si nimeichora?"

"Umeichora wapi? Mie naona mstari mweusi tu. Hiyo plasta umeitia mfukoni?"

Nikasikia wenzake wakicheka. Kisha akaniambia polepole kwamba kozi nne, safu nne za bloki, zimeshapanda, na wamepima bloki kwa bloki.

Hesabu niliimaliza kabla hajakata simu. Plasta ikipakwa, korido inabaki 870. Kiti cha yule mama kinataka 900 ili kikate kona ya kuingia msalani. Kwa milimita thelathini, mama wa watu atakuwa akiita abebwe kwenda choo, nyumbani kwake mwenyewe.

Nilitaka kugomba. Nikachukua karatasi badala yake. Mchoro umechapwa kwa skeli ya moja kwa mia, kwa hiyo plasta ya milimita 15 inakuwa 0.15. Wino wenyewe ni mnene kuliko hapo. Mistari yangu yote imeshikana ikawa mmoja, na ile rangi niliyoihangaikia siku mbili haipo kabisa.

Kosa ni langu.

Tena kosa la aibu, maana nami nikijenga nilipima bloki kwa bloki. Siku ya kupanga bloki, plasta bado iko kwenye mfuko wa saruji. Nilijuaje hayo yote, nikasahau kuandika kipimo chaanzia wapi?

Nadhani najua. Kule kwenye ujenzi ukikosea, mtu anakupigia kelele kutoka jukwaani, "We, hapo wapima nini?" Hapa kwenye kompyuta hakuna wa kunipigia kelele. Nimeujaza ukuta vitu vyote hivyo kwa sababu sina mtu wa kuzungumza naye habari zake.

Mchana nimefuta matabaka yote. Nimebakisha bloki, nikaandika kwa herufi kubwa: 930, BLOKI KWA BLOKI. Kazungu amejibu, "Sasa twaelewana. Hizo kozi nne twazitoa asubuhi."

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa Jomvu Kuu, niwasaidie kuzitoa. Hakuna aliyeniita. Nikiulizwa nitasema nimekuja kuhakikisha vipimo, na vipimo nitavihakikisha kweli. Lakini hapa daftarini naweza kusema: naenda pia kukaa na watu.