Matanga kwa patron

Mujukuu wangu Masika,

Mungu akulinde huko Mulekera. Huku Butembo tunapumua, na ka ndugu kako kameanza kutembea.

Unaniuliza juu ya nini sifurahi mwana wangu, baba yako, anataka kuwa depite mu bunge. Mu ujana wangu nilikuwa nachagua kahawa, muzuri na mubaya, mu fabrike ya patron mumoja. Tukifiwa, alilala chini ku mukeka pamoja na sisi ku matanga. Tukamupigia kura, akawa depite.

Mama yake alipokufa, tulienda na mikeka yetu. Askari ku mulango akasema: “Bamama, hapana! Ni baalikwa tu.” Patron akatuona, akasimama analia. “Honorable, bakia mu kiti,” bakubwa bakamwambia. Akaikala.

Tuliomba rozari inje, kisha tukarudi.

Umwambie baba yako: siku nitakufa, asifunge mulango.

Mukaka wako