Jina Ulilonificha, Baba

Baba yangu uliyenyamaza mno,

Nakuandikia nikiwa Gakindu, kwenu, kwa dada yako Wanjiru. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Githeri wamenipakulia, mahindi kwa maharagwe, nimeisukuma kando niandike.

Tangu tukuzike Tanga nilijiambia, ngoja nikawaone watu wa baba kabla mama yake hajafumba macho. Nilidhani nakuja kusalimia. Kumbe nimekuja kujibu kesi yako!

Bibi alikuwa anaota jua. Hata sijakaa, akaniuliza, "Unaitwa nani?"

"Zawadi."

Akageuza uso. Shangazi akanivuta jikoni. "Huku msichana wa kwanza anapewa jina ya mama ya baba yake. Hapo tunasema amezaa mama yake. Sasa cucu, huyu bibi yako, alikataa baba yako aoe mtu wa Tanga, wakakosana, na baba yako akakataa kumzaa. Cucu amengoja miaka yote hiyo. Na wewe si ndio wa kwanza?"

Baba, nilikasirika! Ungeniambia, ungepungukiwa na nini? Nikatoka, nikazunguka mibuni yote mpaka mbwa wao akachoka kunifuata.

Huko ndiko nilikoikumbuka fimbo yako ya mpera. Wadogo zangu uliwachapa, mimi kamwe. Siku nilipovunja redio yako nilijikunyata nikingoja, ukaitupa fimbo: "Wewe siwezi kukupiga." Mdogo wangu Juma ananinunia kwa hilo mpaka leo. Na nilipougua surua ulinibembeleza, "Kunywa uji, Wangeci." Nilidhani ni neno tu la kumbembelezea mtoto.

Nikarudi mbio. "Shangazi, bibi jina lake nani?"

"Wangeci. Kwani?"

Nikapiga magoti mbele ya mama yako, nikamsimulia yote: redio, fimbo, uji. Shangazi alitutafsiria, kwake na kwangu. Bibi akanipapasa mkono.

"Hakukuchapa hata siku moja?"

"Hata moja, bibi."

"Ai! Nani anaweza kupiga mama yake?" Akacheka, machozi yakimtoka. "Basi alinizaa."

Hasira bado ninayo, nisikudanganye. Ulimnyima furaha hii ukaenda nayo kaburini, na mimi nimeishi na jina nisilolijua. Ndiyo maana situlii. Ila bibi ananiita tena huko nje, kwa jina lake, na mimi naitika.

Pumzika sasa, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
Wangeci