Riziki Aliyemsemea Beatrisi

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu ulipotuacha, asubuhi ile ziwa lilipokuwa limetulia na milima ya Kongo inaonekana karibu kama ya kuguswa kwa mkono. Kwa jina ulikuwa Riziki binti Juma. Mtaani Rumonge walikuita Mama Nasiri. Sisi tulikuita Mama tu, na hata leo neno hilo linatutoka mdomoni kabla hatujakumbuka.

Bado tunakuona. Chikichi zikianza kuchemka uani na mvuke ukajaa, Nour, binti yako, huacha kuchochea moto akatazama. Anasema uko mle ndani ya mvuke, umejifunga kitenge chako cha kazi, unaonja mawese kwa kidole na kutikisa kichwa kwamba bado. Baba humwambia, "Chochea moto, mutoto wangu." Lakini naye hutazama.

Ulikuwa mtu wa polepole. Uliamka ukiimba kwa pua, bila maneno. Hukuweza kupita mlango wa mgonjwa bila kuingia. Ukila samaki ulimwachia Nour kichwa, ukidai hukipendi. Tumekuwa watu wazima ndipo tukajua kwamba ulikipenda sana.

Kisha akaja Speciosa. Alitoka Kabezi kufundisha kikundi cha wanawake mambo ya amani, maana huku kwetu mashamba yamegombanisha watu wengi: waliokimbia vita wamerudi, wakakuta wengine wanavuna. Siku ya kwanza alipokuuliza maoni yako ulimjibu, "Mume wangu atasema." Wanawake wote walikuwa wanajibu hivyo. Speciosa akakuambia, "Mume wako hayupo hapa, Mama Nasiri. Na mimi nina siku nzima." Ulitusimulia hayo nyumbani umeziba mdomo kwa kitenge, kwa kucheka.

Siku ya mchezo Nour alifuatana nawe. Speciosa alitaka kila mwanamke asimame aseme maneno ya mtu anayegombana naye, kama vile yeye ndiye mtu huyo. Wewe uliambiwa uwe Beatrisi.

Habari ya Beatrisi ilijulikana. Shamba letu la michikichi babu yetu alilinunua kwa haki yake. Lakini zamani lilikuwa la baba yake Beatrisi, aliyekimbilia Tanzania akafia huko. Beatrisi alirudi na wanawe, akasimamisha kibanda cha turubai kando ya barabara, akatudai shamba. Baba hakutaka hata kumsikiliza.

Ulisimama, Mama, ukatazama chini. Kisha, kwa kinywa cha Beatrisi, ukasema jinsi ulivyozaliwa kambini, ukimbizini Tanzania, ukasimuliwa michikichi usiyoijua. Ukasema unakaa barabarani unasikia harufu ya mawese yanapikwa kwa wenzako, na watoto wanakuuliza, "Mama, yale si yetu?" Hayo yote ulikuwa unayaona kila ukipita pale kibandani, ila hukuwahi kuyatamka. Sauti yako ikabadilika. Speciosa akasema, "Murakoze, asante, Mama Nasiri, mchezo umekwisha."

Hukukaa. "Haujakwisha," ulisema. "Bado sijajibiwa."

Wanawake walicheka, kisha wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu ulikuwa unalia.

Ulirudi nyumbani ukamwambia Baba kwamba nusu ya shamba, upande wa juu, apewe Beatrisi. Baba akasukuma sahani.

"Ulienda kufundishwa amani," alisema, "umeniletea vita ndani ya nyumba."

"Si vita, Baba Nasiri. Ni mazungumzo."

"Mazungumzo gani, na bibi yangu iko upande wa yule?"

"Niko pande zote mbili," ulimjibu. "Ndiyo maana nachoka."

Hakukusemesha siku nyingi. Hukumkasirikia. Ulimwita Beatrisi aje kukamua pamoja nasi, akapata mafuta yake. Wazee wa mtaa walipokaa kuzungumzia shamba hilo, ulikwenda ukaketi mbele, si kule nyuma walikozoea kukaa wanawake. Jirani yetu Isaka akakutania, "Mama Nasiri, hicho ni kiti cha wanaume."

"Kimechoka na wanaume, jirani," ulisema. "Leo kipumzike."

Hata wazee walicheka, na walikusikiliza. Tangu siku hiyo wanawake wa Magara, hata wa Kabonga, wakawa wanakuita shamba likiwatenganisha ndugu. Ulikwenda, ukarudi na vumbi miguuni na uso umeng'aa. Ila la nyumbani kwako liligoma. Baba alikataa, na bila yeye wazee hawakuweza kuligawa. Ulimwambia Nour, "Kwa watu naweza. Kwa mume wangu nimeshindwa."

Ndipo ukaugua. Beatrisi alikuja kila asubuhi. Alikuosha miguu, akakunywesha uji kwa kijiko, akakusuka nywele ukiwa umelala. Baba alikaa mlangoni akiangalia. Hawakusemezana. Wewe uliwatazama wote wawili, ukifumba na kufumbua macho kama mtu aliye katikati ya ndoto, ukaondoka jambo lenyewe likiwa bado.

Sasa tukuambie, Mama. Arobaini yako ilipopita, Isaka alimjia Baba. "Bibi yako hayupo tena," alisema. "Yule wa kambini mufukuze. Hana wa kumsemea."

Baba akauliza, "Isaka, wewe ulimnywesha mke wangu uji?"

Isaka akasema hapana.

"Basi usinifundishe nani wa kufukuzwa."

Kesho yake aliwaita wazee mwenyewe. Msimu huu Beatrisi amevuna upande wa juu. Siku ya mavuno ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ziwani, tukawa tunawasikia watoto wake wakicheka huko juu bila kuwaona, na mikungu ya chikichi ikianguka chini, polepole, mmoja baada ya mwingine. Baba alisimama anasikiliza. Tulidhani amekasirika. Alikuwa anatabasamu.

Wanawake wa kikundi bado wanakaa uani kwako. Nour akiulizwa maoni yake, anayatoa.

Tulipokuwa tunaandika majina ya wanaokukumbuka, Baba aliuliza, "Beatrisi mbona hamumutaji?" Tukamwuliza tumwandike nani, jirani au rafiki. Akatazama ziwa.

"Muandikeni dada yake," akasema. "Kwangu mimi ni shemeji."

Wanakukumbuka: mume wako Ramazani, wanao Nasiri, Nour na Taqwa, Speciosa na wanawake wote wa kikundi, na dada yako Beatrisi, pamoja na wanawe.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema peponi. Hatutakusahau, Mama, daima.