Nilichomtafsiria Dokta

Jumatatu, 3 Juni
Nimepanga madodoso tena. Jasho la mwaka mzima limeenea kwenye boksi moja la sabuni. Dokta Tesha, msimamizi wangu wa uzamivu, anaingia Bariadi kesho. Anataka kuwaona wakulima wangu wa pamba kwa macho yake. Nimemjibu "karibu sana". Kisha nimelisukuma boksi mvunguni.

Jumatano, 5 Juni
Nkololo. Dokta hajui Kisukuma, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Bibi Kabula, mmoja wa wakulima wangu, alikuwa anachambua pamba. Salamu zikawa ndefu: mwangaluka, habari za watoto, habari za ng'ombe, mpaka Dokta akaanza kuangalia saa. Kisha bibi akanigeukia, akanisuta kwa Kisukuma. Mwaka jana nilimuuliza maswali matatu tu, wingu likatanda, nikawasha pikipiki. Hayo mengine kwenye karatasi, akauliza, alijibu nani?

Dokta akauliza anasemaje. Nikasema anashukuru kwa utafiti.

Ameandika kwenye daftari lake. Mimi ni mwongo, tena mbele ya bibi kizee.

Alhamisi, 6 Juni
Dokta kanisifu. Eti huku mimi ndiye masikio yake. Chai ikanipalia.

Nikisema ukweli, kaya kumi na moja nilizijazia madodoso mwenyewe, nimekaa kitandani. Halafu mwezi wa pili Dokta aliponirudishia sura ya nne ya tasnifu imejaa wino mwekundu, nilimnunia wiki mbili, sipokei simu. Nilidhani ananionea. Mwenzangu alikuwa amesoma kila mstari wa uongo wangu kwa moyo wote. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia. Kwa mama ntilie, wali maharage mezani. Zile kaya, na alichosema bibi hasa. Sikupamba. Hakufoka, afadhali angefoka. Akafunga daftari, akaondoka na sahani haijafika nusu. Sasa simu hapokei yeye.

Akinikataa, uzamivu ndiyo basi. Sina wa kumlaumu.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi ujumbe: "Twende Nkololo. Leo utafsiri yote."

Nimetafsiri yote. Maswali matatu, wingu, pikipiki. Bibi aliponiita mvivu nilisema mvivu, na Dokta akaandika mvivu. Njiani alikuwa ameshasema: kaya zote kumi na moja narudia, sura ya nne naanza upya, na yeye atasubiri. Mwaka mwingine huo.

Mwishoni akaniambia nimuulize bibi kama ana neno lingine.

Alikuwa nayo mengi. Nikavuta kigoda, nikaanza kutafsiri.